Ua Lenye Jina la Noela

Alhamisi mchana, mwanamke mmoja aligonga mlango wa kina Etabo akiwa amebeba shada la maua kwa mikono miwili, uso wake umejaa tabasamu.

Bibi Mwavita alikuwa peke yake ndani. Mwanawe Etabo alikuwa kazini kwenye kiwanda cha nyama, mkwewe Faila alikuwa hotelini akitandika vitanda vya wageni, na mjukuu wake Noela alikuwa shuleni. Bibi aliacha maharage aliyokuwa akichambua, akachungulia dirishani, akamtambua mgeni. Alikuwa Marisela, mama wa Eliseo, yule kijana anayepiga ngoma kwenye bendi ya shule, ambaye mwezi uliopita alimwomba Noela waende pamoja kwenye Siku ya Kurejea. Kuna mpira Ijumaa na dansi Jumamosi, Noela alikuwa amesema, na bibi yake hakuuliza zaidi. Mtoto aliyekula chakula cha mchana peke yake kwenye kona ya bwalo tangu wahamie mji huu, leo kaalikwa. Nani atauliza maswali?

Alifungua mlango. Marisela alisema maneno mengi kwa haraka, akionyesha saa yake, akionyesha gari lake, na Bibi akaelewa tu kwamba anawahi kazini. Kisha akalinyoosha lile shada. Mtu akikunyooshea kitu kwa mikono miwili, unakipokea kwa mikono miwili. Bibi alilipokea. Alisema asante kwa Kiingereza, neno moja kati ya machache aliyokuwa nayo, na Marisela akambusu shavuni, akashuka ngazi mbio.

Ndipo Bibi alipoligeuza kulitazama.

Katikati palikuwa na ua jeupe la bandia, kubwa kuliko sahani ya wali. Lilikuwa krisanthemu, lile lile ambalo kule Uvira masista walilipanda kando ya makaburi, na halikuingizwa nyumbani kwa mtu. Juu ya ua palikuwa na kidubu cha kitambaa, kama vile wanavyoweka mwanasesere kwenye shada la mtoto. Chini yake tepe nyeupe na za buluu zilishuka hadi magotini mwa Bibi, zimefungwa njuga ndogo zilizolia kila alipoligeuza. Na kwenye tepe mbili pana, kwa herufi za dhahabu zilizobandikwa moja moja, kulikuwa na majina. Mwavita hakusoma sana, lakini majina aliweza kuyasoma. Utepe wa kwanza uliandikwa Noela, na chini yake mwaka huu. Wa pili uliandikwa Eliseo.

Kwao shada la msiba ndivyo lilivyo. Utepe mmoja unabeba jina la marehemu na mwaka. Wa pili unabeba jina la waliolileta.

Aliliweka juu ya meza, kisha akaliondoa mezani kwa sababu pale ndipo wanapokula, akaliweka sakafuni, akaona sakafuni ni vibaya zaidi. Mwishowe alikaa nalo mapajani. Alimpigia simu Etabo, ingawa alijua kiwandani simu hufungiwa kwenye makabati hadi zamu iishe. Alimpigia Faila. Simu ililia, ikalia, ikaacha. Bibi hakumpigia Noela. Angemwambia nini?

Akaenda nalo kwa jirani, Naw Mu, mwanamke wa Burma ambaye walizoea kupeana mboga mlangoni bila kuelewana neno. Naw Mu alipoliona shada alifurahi, akapiga makofi, akakigusa kidubu pua. Bibi akamwonyesha jina. Akaweka viganja vyake pamoja chini ya shavu, akafumba macho, akiigiza maiti. Naw Mu akatikisa kichwa kwa huruma, akaingia ndani, akamletea kidonge cha kuleta usingizi.

"Aksanti, mwanangu," Bibi alisema kwa Kiswahili, akakitia mfukoni.

Kule Uvira alikuwa mama wa kwaya, na mama wa kwaya ndio wanaobeba mashada. Mara moja fundi alikosea, akaandika kwenye utepe jina la kaka wa marehemu, mtu mzima wa afya aliyesimama pale pale kanisani. Akina mama hawakupiga kelele. Walilipitisha shada mlango wa nyuma, wakalifumua uzi kwa uzi, wakalichoma lile jina kabla mwenyewe hajalisoma. Jina la aliye hai likishasomwa pale na mwenyewe, walisema, haliondoki tena. Mwavita hakujua kama ni kweli. Alichojua ni kwamba yule kaka aliishi hadi akaota mvi.

Noela angerudi kutoka shule muda si mrefu. Bibi alichukua mkasi wa Faila na kiberiti, akashuka na shada uani.

*

Nyuma ya fleti zile kuna jiko la chuma la kuchomea nyama, la watu wote. Bibi alilifumua shada akiwa amechuchumaa kando yake, taratibu, kwa heshima, kama alivyofundishwa. Herufi alizibandua kwa kucha. Zilikuwa zimeshikwa na gundi nyingi, na mahali pengine chini ya gundi aliona penseli hafifu, mistari iliyopigwa ili jina lisipinde. Mtu alikuwa amejitahidi sana. Hilo ndilo lililomwogopesha zaidi.

Plastiki haiungui kama karatasi. Iliyeyuka, ikatoa moshi mweusi wenye kuchoma macho, na tone moja likamrukia kwenye kidole. Dirisha likafunguliwa juu, likafungwa. Kisha akaja Bwana Garland, meneja wa fleti, mzee mrefu mwenye kofia, akitembea haraka kwa goti lake bovu, ameshika ndoo.

Alimwaga maji. Alisema kitu, akaelekeza kidole kwenye bango lililobandikwa ukutani. Kisha akaona mkono wa Bibi. Akaacha kusema. Akaenda ofisini, akarudi na tyubu ya dawa na kipande cha bandeji, akapiga lile goti bovu chini mbele yake, akamfunga kidole kwa uangalifu kama anavyofungwa mtoto. Alipomaliza alitazama ndani ya jiko. Aliona njuga, waya, na nusu ya kidubu. Akavua kofia yake, akaivaa tena.

Bibi aliona sura ya mtu aliyejua kile kitu ni nini. Hapo moyo wake ulianza kumwambia kwamba amekosea.

*

"Shikamoo Bibi. Mama yake Eliseo amepita?"

Noela aliuliza kabla hajavua begi. Alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa amefunga nywele kwa namna mpya.

"Marahaba. Amepita."

"Liko wapi? Chumbani?"

"Kaa kwanza, mama."

"Bibi, nataka kuliona, halafu nitakaa. Wenzangu wote wameshapiga picha ya lao. Nilimwambia Eliseo tusifanye kubwa, akasema mama yake hasikii."

"Nimelichoma," Bibi alisema.

Noela akacheka. "Bibi nawe."

Kisha akaona bandeji, akanusa hewa, akatazama mkasi uliokuwa juu ya meza na vipande vya dhahabu kwenye makali yake. Akakaa, begi bado mgongoni.

"Lilikuwa na jina lako," Bibi alisema. "Jina lako na mwaka. Nikampigia baba yako. Nikampigia mama yako."

"Ni ua la shule, Bibi. Kila msichana anavaa kesho. Analibandika hapa kifuani, anatembea nalo siku nzima darasani, zile njuga zinalia hadi walimu wanachoka. Mvulana anampa msichana."

"Wanavaa shada?"

"Siyo shada."

"Jina lako huku, jina lake kule."

"Kwa sababu yeye ndiye ametoa."

"Ndivyo nilivyosoma na mimi," Bibi alisema polepole.

Noela alivua begi, akaliweka sakafuni. Hakulia. Bibi angependa alie, angejua la kufanya. Mtoto anayelia unamvuta kifuani. Huyu alikaa wima tu akiangalia mkasi.

"Ungenisubiri nirudi," alisema mwishowe.

"Ungelisoma."

"Ndiyo, Bibi. Ningelisoma."

Nje mtu alikuwa akisuuza jiko kwa mpira wa maji. Bibi akauliza, kwa kuwa kimya kile hakukiweza, "Na hao wanaorejea ni nani?"

"Watu waliosoma hapo zamani. Wanarudi kuiangalia shule yao."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Hilo lilikuwa jambo jema, aliona, watu kurudi na kukuta shule bado imesimama. Alitaka kulisema, lakini Noela alikuwa ameshaingia chumbani.

*

Etabo alirudi ananuka sabuni ya kiwandani, akasimuliwa akiwa amesimama. Aliketi, akavua kiatu kimoja, akasahau cha pili.

"Ua la plastiki," alisema. "Si tununue jingine?"

"Wapi?" Faila aliuliza. Alikuwa amempigia Bibi simu alipotoka kazini, akazunguka maduka mawili kabla ya kufika nyumbani, bado kavaa sare ya hoteli. "Wameniambia watu huagiza tangu Agosti. Yule wa duka la pili ana moja tu, mwenyewe hajaja kulichukua, na anasema hata asipokuja hauzi chini ya dola mia mbili na hamsini."

"Ngapi?"

"Umesikia."

"Kwa pesa hiyo Uvira unamzika mtu na jeneza lake na wafiwa wanakula wali."

"Etabo."

"Nasema tu. Basi Mama hakukosea sana."

Hakuna aliyecheka. Kutoka chumbani Noela akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, mama yake Eliseo hakulinunua. Alilitengeneza. Alianza mwezi uliopita, kila usiku akitoka kazini. Vidole vyake vimeungua kwa gundi ya moto. Eliseo alinionyesha picha."

Etabo akavaa tena kiatu. "Tunakwenda," alisema. "Mama, vaa koti. Faila, tuna nini? Hatuendi kwa watu mikono mitupu."

Walikuwa na kreti ya soda iliyonunuliwa kwa ajili ya wageni wa kanisa, na kuku mmoja kwenye friza. Faila alimfunga kuku kwenye gazeti, akafikiri, akamfungua, akamfunga kwa kitambaa safi.

"Wataona tumewaletea kuku mgumu kama jiwe," alisema Noela.

"Na waone," Etabo alisema. "Kuku ni kuku."

*

Marisela alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye jiko la nyumba ya wazee anakopika, aproni bado shingoni. Alifikiri wamekuja kushukuru. Aliwakalisha, akamwita Eliseo, akawasha taa zote, akampokea kuku kwa mikono miwili kama alivyotoa shada mchana. Bibi aliona hivyo na akatamani ardhi impasukie.

Etabo alianza kueleza kwa Kiingereza chake cha kiwandani, ambacho kilijua visu na barafu na muda wa mapumziko, lakini hakikujua maneno ya jambo hili. Alisema ua, akasema moto, akasema mama yangu, akakwama. Jasho lilimtoka. Akamgeukia binti yake. "Sema wewe."

"Mimi?"

"Mimi nimefika mwisho."

Noela akaeleza, macho yake yakiwa kwenye zulia. Eliseo alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kijana mwembamba mwenye fimbo za ngoma mfuko wa nyuma. Bibi hakuelewa maneno, aliwaangalia nyuso. Aliona uso wa Marisela ukingoja sehemu ya kuchekesha. Aliona ulipojua kwamba haipo. Mkono wa Marisela ukaenda kwenye vidole vya mkono wa pili, ukavishika, ukabaki hapo.

"Mwambie nimekosa," Bibi alisema. "Mwambie niliona kazi yake. Penseli niliiona, chini ya herufi. Mwambie kama ningejua nisingegusa."

Noela alitafsiri. Marisela akasogeza kiti chake hadi magoti yake na ya Bibi yakagusana, akasema maneno, akimtazama yeye, siyo Noela.

"Anasema kwao pia mashada ya msiba yako hivyo," Noela alisema. "Na tepe, na majina. Anasema mama yake mzazi alipoliona ua la shule kwa mara ya kwanza, la dada yake, alipiga ishara ya msalaba na hakulala. Anasema... anasema yeye ndiye angepaswa kukumbuka. Amekuachia mkononi akakimbia."

Bibi alishika ile mikono iliyoungua. Fadhili ya namna ile inakuelemea kuliko matusi; matusi ungeyatafutia jibu.

Marisela akainuka, akatoa kisanduku kabatini. Ndani kulikuwa na ua dogo, mtoto wa lile kubwa, limeshonwa kwenye mpira wa kuvaa mkononi, tepe zake fupi. Nalo lilikuwa na majina mawili.

"Hilo ni la nini?" Etabo aliuliza.

Noela alirudisha macho kwenye zulia. "Ni la Eliseo," alisema kwa Kiswahili, chini kwa chini. "Wavulana nao wanavaa, kwenye mkono. La mvulana hutengenezwa na kwao msichana."

"Kwao msichana ni sisi."

"Ndiyo, Baba."

"Na hukutuambia?"

"Ulikuwa unafanya zamu mbili. Mama anafunga mguu bandeji kila jioni kwa kusimama kutwa. Niliona aibu kusema. Nikamwambia Eliseo kwetu hatuna desturi hiyo." Akakitazama kisanduku. "Kumbe mama yake akatengeneza na hilo, akanyamaza. Ili kesho ionekane limetoka kwetu."

Faila alifunika uso kwa mkono. Etabo alitazama kreti yake ya soda pale sakafuni. Marisela, ambaye hakuelewa hata neno moja la hayo, alikuwa akimnyooshea Noela lile ua dogo na kutabasamu.

"Anasema nilivae mimi," Noela alisema. "Siwezi. Ni lake."

Eliseo akasema neno fupi kutoka mlangoni, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Hakuufunga kwa nguvu.

"Amesemaje?" Bibi aliuliza.

"Amesema nivae tu."

*

Ijumaa jioni Etabo aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua, akawapeleka uwanjani. Alitaka Noela aone watu wake jukwaani kama watoto wengine.

Bibi Mwavita alipanda ngazi za jukwaa akiwa ameshika mkono wa Faila, na alipofika juu akatazama chini, akasimama. Uzio mzima ulikuwa umejaa wasichana, na kila msichana alikuwa na shada kifuani. Mengine yalikuwa na maua matatu, manne, tepe zikiburuta chini, taa ndogo zikiwaka ndani yake. Upepo wa Oktoba ulivuma kutoka malishoni na njuga zote zikalia kwa pamoja. Majina yalimetameta, ya watoto wa watu, na mwaka chini ya kila jina.

"Mama, kaa," Faila alisema.

"Nakaa."

"Unatetemeka."

"Ni baridi."

Alijua sasa ni maua ya shule. Alikuwa ameelezwa, akaelewa, angeweza hata kumweleza mwingine. Lakini macho yana elimu yake, na hakuna aliyeyafundisha upya. Alifumba, akasikia njuga. Alifumbua, akaona majina. Mwanamke wa kizungu aliyekaa mbele yao aligeuka, akamwona, akafungua blanketi lake, akalitandika juu ya magoti ya Bibi bila kuuliza, akageukia mpira wake.

"Yule pale," Etabo alisema. "Karibu na lango. Mwangalie."

Noela alikuwa amesimama na wasichana watano wa darasa lake. Lile ua dogo alikuwa amelibandika kifuani, mahali pa kubwa. Kwa mbali lilionekana kama kitu alichokiokota. Wasichana walikuwa wanacheka, naye alikuwa anacheka, na mmoja akamshika bega. Bibi akaanza kupumua.

Kisha wakajipanga kupiga picha. Walinyoosha tepe zao, wakageuza majina yatazame mbele, wakasogea begani kwa bega. Msichana aliyekuwa amemshika Noela bega akampa simu. Noela akaipokea. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akapiga goti kwenye majani ili maua yote yaenee, akawapiga picha. Akawapiga na ya pili. Walimshukuru kwa adabu. Hapakuwa na ubaya wowote ndani yake. Walichukua simu yao, wakainama kuitazama, naye akabaki amesimama kando, akivuta kidole kwenye tepe zake fupi.

"Si wamrudishe na yeye apigwe picha?" Faila alisema. "Mmoja tu amshikie simu."

"Watamrudisha," Etabo alisema.

Walingoja. Bendi ikaanza kupiga. Eliseo alikuwa mstari wa pili, ngoma kiunoni, mkono wake wa kushoto mtupu kati ya mikono yenye maua. Wale wasichana wakakimbia kuelekea muziki, wakimwita Noela awafuate, naye akawafuata.

"Niende nikampige picha mimi," Etabo alisema, akiinuka na simu yake.

"Kaa chini, baba," Bibi alisema. "Utamwaibisha."

Akakaa. Simu aliishika mkononi hadi mpira ukaisha. Nani alishinda hawakujua. Watu walishangilia, nao wakashangilia.

*

Jumamosi Noela alienda kwenye dansi na gauni la binamu wa Naw Mu, akarudi mapema kuliko saa aliyopewa. "Ilikuwa nzuri," alisema. Kuhusu Eliseo alisema yuko salama. Siku nzima alikuwa ameosha vyombo bila kuambiwa, akajibu kila alipoitwa, akamsalimia bibi yake asubuhi na jioni. Hakukuwa na kosa ambalo mtu angeweza kumwonyesha. Ila zamani kila akitoka shule alikuwa akimkalia bibi yake miguuni na kumweleza siku yake hadi chai ipoe, na tangu Alhamisi hakukaa.

Jumapili walipotoka kanisani Bibi alikuwa anatandika kitanda chao, kwa maana wawili hao walilala chumba kimoja, kitanda kimoja kipana, Noela upande wa ukutani. Noela akaingia na kiti cha jikoni, msumari, kiatu cha baba yake chenye kisigino kigumu, na lile ua dogo.

"Bibi, nishikie kiti."

"Unafanya nini?"

"Nalitundika. Msimu ukiisha wasichana wote wanatundika juu ya kitanda. Kila mwaka linaongezeka moja."

Bibi alitazama ukuta. Ulikuwa mweupe na mtupu, na chini yake palikuwa na mito miwili.

"Hapa tunapolala?" aliuliza.

"Hapa." Noela alipanda juu ya kiti, kisha akasita na kumwangalia bibi yake kwa mara ya kwanza kwa siku tatu. "Kama unaogopa nitaliweka sebuleni. Sema tu, Bibi. Sitakasirika."

Angeweza kusema. Neno lilikuwa pale mdomoni, fupi na jepesi, na mtoto alikuwa amelifungulia mlango mwenyewe. Alifikiria usiku wa leo, na wa kesho, na baridi yote inayokuja, akilala chini ya jina lile huku akisikiliza kama mwenye jina anapumua.

"Piga msumari," Bibi alisema. "Kiti nimeshika."

Noela alipiga kwa kisigino cha kiatu. Plasta ya ukuta ikadondoka kwenye shuka. Alilitundika ua, akanyoosha tepe, akageuza herufi zitazame chumbani.

"Limekaa sawa?"

Bibi aliinua macho, akasoma jina lote, herufi moja moja, hadi mwisho.

"Limeinama kidogo," alisema. "Kushoto."

"Hapo?"

"Bado. Kidogo tena."

"Hapo?"

"Hapo. Sasa liko sawa."

Noela alishuka, akachukua kiatu, akaenda kukirudisha kwa baba yake. Bibi Mwavita alibaki pale pale ameshika kiti kwa mikono yote miwili, ingawa juu yake hapakuwa na mtu.